Saa ya Gari la Miraa

Honi ilitangulia, gari likafuata. Pikapu ya miraa ilianza kupiga kelele tangu ikiwa mbali kwenye barabara ya Hola, na Garsen, iliyokuwa imelegea kwa joto la mchana, ikasimama wima. Madalali wa ng'ombe waliacha bei hewani. Vinyozi waliacha vichwa nusu. Watu wakamiminika barabarani wakisukumana, kila mmoja akitaka bunda lake likiwa bado na umande ndani ya majani ya mgomba.

Katika msukumano huo wote, wawili tu walikuwa wakitoka mjini. Mbele alikuwa baba yangu, Mzee Abdullahi, fimbo begani na kofia imekaa sawa. Nyuma yake alikuwa mdogo wangu Jaldesa, mwanamume mwenye ndevu, mke na mtoto, ameshikwa kifundo cha mkono kama mtoto anayevushwa mto. Walipita mbele ya meza yangu ya maziwa bila kunitazama, wakashika njia ya malishoni, na honi ikazidi kulia nyuma yao.

Watu walicheka. Siku ya kwanza hata mimi nilicheka, kwa sababu nisingecheka ningelia, na muuza maziwa halii juu ya maziwa yake. Wateja hawapendi chumvi.

Siku hizi meza ile anaikalia binti yangu, nami nina nafasi ya kukumbuka. Wengi waliocheka wakati ule hawakujua lililomfika Jaldesa. Wengine hawajui hadi leo. Husema tu kwamba mwana wa Abdullahi aliharibiwa na miraa, babake akawa anamchunga kama ndama. Ni kweli, lakini huo ni ukweli wa mkiani. Kichwa chake kiko kwingine.

Kwanza ijulikane kwamba Jaldesa hakuwa mlaji wa miraa. Alikuwa na maringo kijana yule! Alipiga mswaki asubuhi, akapiga mchana, akapiga tena kabla ya kupita mbele ya wasichana, na meno yake aliyatunza kuliko viatu vyake. Meza yangu sokoni ilipakana na ya Fosia, mama wa Kisomali aliyeuza miraa, na kila Jaldesa aliponiletea maziwa kutoka nyumbani ilikuwa lazima wataniane.

"Warya, Jaldesa, kuja uonje kidogo. Leo iko tamu."

"Mama Fosia, mimi si mbuzi. Majani nile ya nini?"

"Siku moja mbuzi atakuja na miguu yake," Fosia alimjibu, na sote watatu tukacheka.

Umaarufu wa Jaldesa ulikuwa mikononi mwake. Ng'ombe akishindwa kuzaa, kuanzia kwetu hadi Kilelengwani, aliitwa yeye. Alivua shati, akapaka mkono samli, akauingiza hadi begani na kufumba macho, maana alikuwa akitazama kwa vidole. "Miguu iko nyuma," angesema, au, "Kichwa kimegeuka." Kisha taratibu, huku akimwimbia ng'ombe, angemgeuza ndama ndani ya tumbo la mamake na kumtoa akiwa hai. Aba, kama tunavyomwita baba, hakuwa mtu wa kusifu. Lakini niliwahi kumsikia akimwambia mgeni, "Huyu mwanangu ana mkono," na kwetu hakuna sifa inayozidi hiyo.

Kisha ikaja mvua ya Elnino. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba mbingu zilifunguka zikasahau kujifunga. Tana ilipanda kingo zake, ikala mashamba, ikala barabara, ikatufanya watu wa visiwani. Tulihamia kwenye mwinuko pamoja na mifugo, tukabanana huko, kwato zikioza kwa matope. Mbu walikuwa wengi hata ukifungua mdomo kusema neno, unammeza mmoja kabla hujalimaliza.

Ndipo ng'ombe wakaanza kutupa mimba. Si mmoja, si wawili. Karibu kila aliyekuwa na mimba aliitupa. Watu walimwita Jaldesa usiku na mchana, naye alikwenda, akivuka maji ya kiunoni, akiingiza mkono na kutoa ndama waliokufa, kwa mkono mtupu, kama alivyofanya siku zote. Mkono mtupu ndio uliokuwa ukiona. Nani angemwambia auvike kitu? Alijua asipomtoa mfu, mama naye atakufa. Aliwaokoa mama wengi. Jioni alinawa kwa maji yaleyale ya mafuriko, akaketi kula.

Homa ilimshika kama ilivyowashika wengi. Wengine waliumwa kichwa na viungo kwa siku chache, wakainuka. Wengine walitokwa damu, tukawazika kwenye mwinuko huohuo. Jaldesa aliinuka, tukamshukuru Mungu. Kisha akaanguka tena, vibaya zaidi. Shingo ilikakamaa. Mwili ulimtetemeka hata meno yakamuuma ulimi. Akawa anawaita kwa majina ng'ombe waliokwisha kufa, akiwabembeleza wasukume. Mkewe, Qabale, alimpakata kichwa, mtoto wao Ruwaida akiwa mgongoni, akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, huyu hanijui."

Tulimpeleka kwa mtumbwi hadi kituo cha afya, ambako maji yalikuwa yamefika mlangoni. Tulimkuta tabibu mmoja kutoka bara, Asenath, mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira na macho ya mtu aliyesahau kulala.

"Homa imempanda hadi kwenye ubongo," alisema. "Nitampa nilichonacho. Nilichonacho ni kidogo."

Hakutudanganya, na kwa hilo nilimpenda.

Jaldesa alilala siku nyingi, hajijui hajitambui. Kisha asubuhi moja akafumbua macho, akaomba uji. Akaumaliza, akaomba mwingine. Aba, aliyekuwa ameketi mlangoni siku zote hizo miguu ndani ya maji, alisimama, akajipangusa uso kwa ncha ya shuka.

"Mnyama akila, amepona," alisema.

Ndiyo kanuni ya wafugaji. Hutazami macho, hutazami miguu. Unatazama kama anakula. Tukamrudisha nyumbani kwa vigelegele, na hakuna aliyeuliza kama kuna kitu kilichobaki ndani.

Kilikuwapo. Jicho lake la kushoto liliingia ukungu, akawa anajigonga kwenye mihimili ya mlango. Alinyamaza sana. Maji yalipopungua aliitwa kwa ng'ombe mmoja aliyekwama, akavua shati, akaingiza mkono, akafumba macho kama zamani. Alikaa hivyo muda. Kisha akautoa mkono na kuutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Hauoni," alisema. Tulidhani ni uchovu, nguvu zitarudi.

Baadaye barabara ikafunguliwa, na pikapu ya kwanza ya miraa ikaingia Garsen na matope hadi kwenye vioo. Jaldesa alikuwa amesimama kando ya meza yangu. Alinyoosha mkono, akachukua kijiti kimoja kwenye meza ya Fosia, akakimenya ganda kwa meno yake meupe, akatafuna.

"Leo mbuzi amekuja!" Fosia alipiga makofi. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Kicheko hicho nakikumbuka, na natamani nisingekikumbuka.

Tangu hapo hakuiacha miraa. Kwanza kijiti, kisha bunda, kisha tangu gari linapofika hadi majani yanapokwisha sokoni. Na yakiisha aliinama kuokota masazo waliyotupa wenzake, yenye vumbi na mate ya watu. Jaldesa, kijana wa maringo! Hakulala, akakonda, akaacha kuswali na watu. Aliuza saa yake, akauza baiskeli, akauza mbuzi wake. Aba alimkanya, akamgombeza, akampiga fimbo mbele ya mkewe. Kila mara Jaldesa aliapa kwamba ameacha, na naamini kila mara alikuwa akisema kweli. Kisha honi ikalia, miguu ikamchukua.

Aliyetambua kwanza kwamba jambo hili si la kawaida ni Fosia. Siku moja aliniinamia akanong'ona, yeye ambaye sauti yake husikika hadi ng'ambo ya mto.

"Abaayo Bishara, mimi nauza hii kitu miaka mingi. Walaji nawajua. Mtu akikula anachangamka, anaongea, anajenga nyumba ya ghorofa na mdomo. Huyu ndugu yako anakula na raha hapati. Angalia uso yake. Ni kama mtu anabeba mawe." Alijifunika vizuri mtandio wake. "Wallahi, mimi simuuzii tena."

Na hakumuuzia tena. Jaldesa akahamia meza nyingine.

Kwetu, mtoto akizaliwa na kitovu chake kikaanguka, babake humpa mtamba. Huyo ndiye ng'ombe wa kitovu. Hauzwi, hachinjwi, anazaa, na watoto wake wanazaa, na mtoto anapokuwa mtu mzima ana zizi lililokua pamoja naye. Mafuriko yalipotumalizia mifugo, mtamba wa Ruwaida alisalia, mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Hata tulipokosa maziwa ya kuuza, hata tulipokosa ya kunywa, hakuna aliyefikiria kumgusa. Mchana mmoja Qabale akakuta kamba ya mtamba imelala chini, tupu. Kufikia alasiri ilijulikana sokoni kwamba Jaldesa amemuuza kwa mchuuzi aliyekuwa akipita, na kwamba kilichobaki cha mtamba kiko shavuni mwake, kinatafunwa.

 Qabale aliikunja kamba vizuri, akaja nayo hadi kwa Aba, akaiweka miguuni pake, akarudi kwa mtoto wake.

Aba aliiokota kamba ile. Kisha akasema atawaita wazee Ijumaa baada ya swala, na mbele yao ataiondoa radhi yake juu ya Jaldesa.

Radhi ya baba si neno tu. Aliyeondolewa radhi, mkewe hurudishwa kwao pamoja na mtoto. Ndugu hawamwiti harusini wala msibani. Hakuna anayempa ng'ombe wa kuanzia, maana inaaminika hata ng'ombe huyo atakufa. Nilimjua mmoja aliyekuwa akizurura Tarasaa, akilala kwenye vibaraza vya maduka, na watoto wa nduguye wa tumbo moja walimruka kama wanavyoruka kisiki. Usiku wote nilikuwa nikimwona mtu yule, na kila nikimtazama ana meno ya Jaldesa.

Kulipokucha nilimwachia Fosia maziwa yangu, nikaenda kituo cha afya. Asenath alikuwa bado yuko. Nilipotaja jina alikumbuka mara moja.

"Yule aliyekuwa akiita ng'ombe," alisema.

Nilimweleza yote: jicho, mkono, kijiti cha kwanza, maneno ya Fosia, kamba. 

"Dada, kirusi cha ile homa, kinachotoka kwa ng'ombe wagonjwa, kilimwingia kwenye ubongo," alisema. "Homa ikashuka, mwili ukasimama, lakini kilipopita huenda kiliacha kovu. Ndani ya ubongo kuna mahali panapomfanya mtu atake kitu, na mahali panapomwambia imetosha. Huenda ndipo palipoguswa."

"Huenda?"

"Huenda. Hapa sina chombo cha kutazama ndani ya kichwa. Na wako wengi wanaonaswa na miraa bila kuugua hata mafua. Lakini mtu aliyeicheka maisha yake yote, akaamka kutoka homa ile akawa anaitaka hivi, na wala haifurahii... mimi simwiti mhuni. Namwita mgonjwa tuliyemruhusu mapema."

"Nikimpelekea baba 'huenda', daktari, atanifukuza pamoja nayo."

"Ndiyo niliyo nayo, dada yangu," alisema, na nikaona kwamba jambo hilo linamuuma yeye pia. "Ningekuwa na kubwa kuliko hiyo ningekupa."

Nikamuuliza dawa. Akasema dawa yake haijui. Analojua ni kwamba Jaldesa asiachwe peke yake anapoisikia ile honi. Saa hiyo ikipita, tamaa hupungua. Kesho itarudi, naye asimamiwe tena.

Nilirudi nyumbani kama mtu aliyetumwa unga akarudi na kibaba kitupu. Aba alikuwa nyuma ya nyumba, amechuchumaa. Alikuwa na mbuzi wake mmoja, jike jeusi, aliyekuwa ameanza kuzunguka. Kila mfugaji anaujua ugonjwa huo: kitu humwingia mbuzi kichwani, akawa anageukia upande mmoja tu, anazunguka na kuzunguka hadi anaanguka, na akiinuka anaanza tena. Ukimwacha na kundi anapotea, au anatembea moja kwa moja mpaka mtoni. Aba alikuwa amemfunga kwa kamba fupi karibu na mlango. Alikuwa akimlisha kwa mkono, jani moja moja, na kila mbuzi alipokosa jani, Aba alimshika taya taratibu na kumrudisha kichwa.

Nilijaribu kumweleza. Nikasema ubongo, nikasema kirusi, nikasema huenda. Hakugeuka.

"Bishara, mtu ana akili. Nimemkanya nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa."

Akamwekea mbuzi jani jingine mdomoni. Niliondoka hasira zimenijaa hadi kooni, na hasira zile zikanizuia kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu.

Ijumaa wazee waliketi kwenye mikeka, upande wa nyumba wenye kivuli. Sisi wanawake tulikuwa ndani, masikio mlangoni. Jaldesa aliketi katikati, juu ya udongo, bila viatu. Aliyemhoji alikuwa Hiribae, mdogo wake Aba, mtu mwenye haki lakini mgumu.

"Ulimuuza ng'ombe wa kitovu wa mwanao?"

"Nilimuuza, baba mdogo."

"Ulijua ni kosa?"

"Nilijua. Nilikuwa nikilia njiani." Sauti yake ilikuwa kavu. "Kamba niliiacha nyumbani makusudi. Nilisema moyoni, asiponifuata nimeokoka. Lakini yule mtamba ananijua, mimi ndiye niliyemtoa tumboni. Akanifuata hadi sokoni."

Ndani ya nyumba Qabale alijiziba mdomo kwa kiganja. Yeye ndiye aliyeikunja kamba ile.

"Basi kwa nini?" Hiribae aliuliza.

"Sijui. Sitaki, na ninakwenda."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema 'sijui' si jibu la mwanamume. Aba akasimama. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi. Akainua fimbo, akasema bismillahi, na nikajua neno linalofuata likishatoka hakuna wa kulirudisha, hata yeye mwenyewe.

Kwetu mwanamke haingilii baraza la wazee. Lakini mdomo wangu umeniponza tangu utotoni, na siku hiyo hasira za jana zilikuwa bado ziko kooni. Nilijikuta nimesimama mlangoni.

"Aba, yule mbuzi leo umempiga?"

Vichwa vyote viligeuka. Hiribae aliniambia nirudi ndani. Aba alinitazama kama aliyeona mwendawazimu.

"Mbuzi gani?"

"Yule anayezunguka. Asubuhi amemwaga maziwa ya Ruwaida, kibuyu kizima. Umempiga?"

"Nimpigie nini?" Aba alifoka. "Yule ana ugonjwa wa kichwa."

Maneno yalitoka kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya wenzake, na nikaona yalivyomrudia masikioni. Fimbo ilibaki juu. Nyuma ya nyumba kwato za mbuzi zilisikika zikikwaruza ardhi, zikizunguka, zikisimama, zikizunguka tena.  Aba alikuwa akimtazama Jaldesa lile jicho lenye ukungu, kisha akaitazama mikono, ile mikono aliyowahi kuisifu kwa mgeni, imelala mapajani, haina kazi.

"Homa ile," aliuliza taratibu, wala hatukujua anamuuliza nani, "huyu aliipatia wapi?"

 Hiribae alitazama mkeka wake.

"Nami nilimwita," alisema hatimaye. "Ng'ombe wangu wanne... watano. Sikumbuki. Aliwaokoa wote." Akakohoa. "Kila aliyeketi hapa alimwita."

 Sauti yake ilikuwa ya kubishana na nafsi yake kuliko na mtu. "Hata hivyo, Abdullahi, mbuzi wa kuzunguka hachungwi na kundi."

"Hachungwi na kundi," Aba alikubali. "Hufungwa karibu."

Fimbo ikashuka. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," alisema. Kisha, badala ya kurudi kwenye mkeka wa wazee, alitembea hadi katikati, akakunja miguu yake mibovu, akaketi juu ya udongo kando ya mwanawe.

Kesho yake, kabla ya honi, alimshika kifundo cha mkono wakatoka mjini. Na kesho kutwa. Nisidanganye kwamba mambo yalinyooka. Siku nyingine Jaldesa alimponyoka, na Aba akamfuata hadi kwenye kibanda cha walaji, mahali ambapo hakuwahi kutia mguu. Hakumvuta wala hakumtukana. Aliketi nje juu ya kreti, akavishika viatu vya Jaldesa mapajani, akangoja amalize, ili warudi nyumbani pamoja. Watu wakavumisha kwamba mzee naye ameanza kutafuna. Fosia aliposikia uvumi huo alisimama katikati ya soko akawatukana kwa lugha tatu, kisha akampelekea Aba chai ya maziwa, maziwa yangu, bila kuniuliza.

Taratibu siku za kuponyoka zikapungua. Hazikwisha, zilipungua. Ruwaida alipewa mtamba mwingine kutoka zizi la babu yake. Qabale hakurudi kwao. Mkono wa Jaldesa haukuona tena kama zamani, lakini ulijifunza kuchimba visima vya kunyweshea, na hiyo nayo ni kazi. Mbuzi mweusi alikufa kabla ya Ramadhani. Aba alimzika, hakumtupia fisi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Miaka ilipita, ikawa zamu ya Aba kulala mkekani. Alikonda, akasahau majina yetu, akaniita kwa jina la mama, aliyetangulia zamani. Mchana mmoja tulikuwa tumemzunguka, mimi na Qabale upande wa miguu, Jaldesa upande wa kichwa akimpepea nzi. Adhuhuri ilikuwa imepita. Hewa ilitulia. Halafu, kutoka mbali upande wa barabara ya Hola, honi ikaanza.

Aba alifumbua macho. Mkono wake ulianza kupapasa mkeka, ukitafuta. Jaldesa aliweka kifundo chake ndani ya kiganja kile, na vidole vikakifunga.

"Gari limepita?" Aba aliuliza.

"Limepita, Aba."

Honi ilikuwa bado inalia, sasa karibu zaidi, ikiingia mjini. Jaldesa hakuinua kichwa.